Daktari wa meno wa Bongo unayetaka kufanya kazi Uingereza: tafuta karatasi kwanza, vitabu baadaye

Haipiti wiki bila simu ya mdogo wangu fulani aliyemaliza chuo, na swali ni lile lile, "Dokta shikamoo, nimemaliza intern, nataka kuja huko, ninunue kitabu gani?" Na mimi jibu langu ni lile lile, marahaba, achana na kitabu kwanza, masaa yako ya kwenye kiti yako wapi? Hapo kunakuwa kimya.

Ndio maana naandika hii ndefu ili nikipigiwa tena nitume tu. Nimepita njia ya Uingereza kwa hiyo nitakaa huko zaidi, nchi zingine nitazigusa mwishoni kwa sababu na zenyewe watu wanaziulizia.

Kwanza tuelewane. Ukiwa na DDS ya Muhimbili au BDS ya Nairobi, kule Uingereza hiyo digrii haikupi leseni yenyewe kama ilivyo. Wenye mamlaka ni baraza lao la afya ya meno, GDC, lipo London, na bila jina lako kuwa kwenye rejista yao huruhusiwi hata kusafisha ugaga wa mtu kwa malipo, ni kosa la jinai. Ili uingie kwenye rejista kwa digrii ya kwetu kuna milango miwili ya kawaida. Mmoja ni mtihani unaoitwa ORE, ulianza 2007 ukichukua nafasi ya mtihani wa zamani. Wa pili ni LDS, huo unatolewa na chuo cha madaktari wapasuaji cha England, na ni mkongwe kweli kweli, umekuwepo tangu 1860. Yote ina sehemu mbili, ya kwanza ya maswali na ya pili ya mikono, na ukifaulu wowote kati ya hiyo unaomba usajili GDC. Watu wengi huangalia upi una nafasi ya karibu. Mimi nilipita ORE.

Kulikuwa na mlango wa tatu ambao bado unauzwa mitaani. Zamani daktari wa meno wa nje aliweza kuomba asajiliwe kama tabibu wa meno au msafishaji, bila mtihani, anafanya kazi huku anajiandaa na ORE. Huo ulifungwa Machi 2023. Mtu akikwambia leo anakufanyia mpango wa kuingia kwa njia hiyo, mwambie akatafute mwingine. Na kama wewe mwenyewe ni tabibu wa kinywa na meno wa diploma, ORE haikuhusu, unaomba kama tabibu na wanaangalia mafunzo yako moja moja.

Sasa masaa. GDC wanataka ushahidi kwamba umetibu wagonjwa kwa mikono yako mwenyewe, kwenye kiti cha meno, kwa masaa yasiyopungua 1,600. Kushika taa haihesabiki, kusimama nyuma ya bosi ukiangalia haihesabiki, semina ndio kabisa. Uzuri ni kwamba masaa ya kliniki ya chuoni na ya baada ya kumaliza yote yanakubalika. Piga hesabu: intern wiki 48, siku tano kwa wiki, masaa matano ya kweli ya kiti kwa siku, hayo ni 1,200. Zilizobaki 400 unazipata kliniki za mwaka wa nne na wa tano, masaa manne kwa siku mia moja. Kwa hiyo karibu kila mtu aliyemaliza intern anayo. Shida ni kwamba hakuna aliyeyaandika.

Mimi nilienda kuomba barua hospitali moja ya mkoa miaka miwili baada ya kuondoka, bosi aliyekuwa ananisimamia kashahamishwa, aliyepo hanijui, karani kanitafutia faili kanikuta, basi wakaniandikia kwamba dokta fulani alifanya kazi hapa miezi kumi na miwili na alikuwa na nidhamu nzuri. Nidhamu! Masaa hakuna hata moja, mhuri umekaa nusu nje ya karatasi. Nikatuma hivyo hivyo kwa haraka zangu, ikarudishwa, nikapanda basi tena masaa kumi na mbili kwenda kuomba barua mpya. Usifanye hivyo. Ukiwa bado intern nunua daftari la mia saba, kila siku jioni andika tarehe, masaa uliyokaa kwenye kiti, na ulichofanya (umeng'oa mangapi, umeziba mangapi, mizizi umetibu mingapi), bila majina ya wagonjwa, na kila mwisho wa mwezi bosi asaini pembeni. Siku ya kuondoka unaandika barua mwenyewe kwa kompyuta ikiwa na jumla ya masaa, tarehe ya kuanza na kumaliza, cheo cha anayesaini, namba yake ya usajili wa baraza na barua pepe inayofanya kazi, unampelekea asome na asaini kwenye karatasi yenye kichwa cha hospitali. Ukimwachia yeye aandike utasubiri sana, ana wagonjwa sitini nje kwenye benchi.

Chuoni vilevile, usiridhike na transkripti peke yake, maana transkripti inaonyesha alama na sio masaa. Omba barua ya mkuu wa skuli inayosema kliniki za mwaka gani zilikuwa masaa mangapi.

Halafu majina. Aisee hili limekwamisha watu wengi kuliko mtihani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cha form four Mwanahamis, pasipoti ina majina mawili, digrii ina matatu na la katikati limefupishwa kuwa herufi moja, kisha mtu kaolewa akaongeza la mume. Kwetu kila mtu anaelewa kuwa ni wewe huyo huyo, kule afisa anaona watu wanne. Weka vyeti vyote mezani siku moja, angalia herufi kwa herufi, kinachorekebishika RITA au uhamiaji kirekebishe, kisichorekebishika nenda kwa wakili ule kiapo cha majina. Na nakala zithibitishwe na wakili kwa namna wanavyoagiza, tarehe, jina kamili, namba, mhuri unaosomeka.

Kiingereza, na hapa wabongo tusijidanganye eti tumesoma miaka mitano kwa Kiingereza. Kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza unaojulikana zaidi, wanataka ile ya kitaaluma, wastani wa 7, na hakuna kipengele kinachoshuka chini ya 6.5. Wengi wanaangukia kuandika, wanapata 6 na nane nane kwingine, wanarudia mara tatu. OET, ambayo ni ya watu wa afya, nayo inakubalika, na kuna wenzangu wanaona ni nafuu kwa sababu unaandika barua ya rufaa ya mgonjwa na sio insha kuhusu faida na hasara za utalii. Kitu cha kukumbuka, matokeo yanaishi miaka miwili tu. Ukifanya IELTS ukiwa na hamu halafu barua ya masaa inachukua mwaka na nusu, unalipa tena. Kwa hiyo mtihani wa lugha uwe wa mwisho kwenye maandalizi, ukishakuwa na kila kitu mkononi.

Ukishakubaliwa na GDC unaingia kwenye foleni ya kupata tarehe ya Sehemu ya 1, na foleni ni neno la heshima, ni vita. Nafasi zikifunguliwa zinajaa fasta sana, watu kutoka India, Misri, Pakistan, Nigeria wote wako kwenye kompyuta dakika ile ile. Usitegemee bando la simu kwenye daladala. Kaa sehemu yenye intaneti ya uhakika, kadi ya benki iwe imeshafunguliwa kwa malipo ya nje na ina hela ya kutosha, mimi mara ya kwanza benki iliikataa kadi kwa usalama wangu, eti, nikakaa miezi tena.

Sehemu ya 1 ni karatasi mbili za kompyuta. Karatasi A ni sayansi ya meno na magonjwa ya mwili kwa jinsi yanavyohusu kliniki, Karatasi B ni tiba ya meno yenyewe pamoja na sheria, maadili na usalama kazini. Hiyo A kwa aliyesoma kwetu haimtishi, magonjwa tumeyaona kwa macho. Inayotuangusha ni B, maana inauliza Uingereza wanafanyaje. Wewe umezoea mtu anakuja na jino limeoza, keshaweka karafuu, keshaweka mafuta ya betri, anasema dokta toa. Kule swali linakuuliza mgonjwa mzima asiye na tatizo arudi baada ya muda gani, na jibu linatoka kwenye mwongozo wao wa NICE (taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu), kwamba mtu mzima ni kati ya miezi 3 na 24 kulingana na hatari yake, na mtoto asizidi miezi 12. Wanakuuliza dawa ya meno iwe na floraidi kiasi gani (1,350 hadi 1,500 kwa milioni, na mgonjwa ateme asisukutue maji). Wanakuuliza amalgamu (ile dawa ya kuzibia yenye zebaki) kwa mama mjamzito, na tangu Julai 2018 kule hawaiweki kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 15 isipokuwa kwa sababu maalum. Wanakuuliza kupima fizi kwa BPE, kinywa kimegawanywa vipande sita, kile kijiti chenye kidoti mbele na mkanda mweusi kutoka milimita 3.5 hadi 5.5. Mambo ya kanuni za eksirei za 2017 nayo yamo. Na ile tabia ya kumpa kila mwenye maumivu ya jino antibiotiki, amoksilini na metronidazoli, aende nayo nyumbani, iache Dar, huko ni kosa la kukukosesha alama.

Kwa hiyo kitabu cha kwanza kusoma si kitabu. Ni miongozo yao, iko bure mtandaoni, NICE, ile ya kinga ya meno inayotolewa na serikali, na kanuni za maadili za GDC zenye kanuni tisa. Vitabu vikubwa vya chuo vifuate.

Sehemu ya 2 ndio yenyewe. Ina vipande vinne na inafanyika kule kule Uingereza, kwa hiyo viza, tiketi, malazi, yote juu yako.

Kuna kipande cha manikini. Kichwa cha plastiki kimefungwa kwenye kiti, meno ya plastiki, unachonga na kuziba ndani ya muda huku wasahihishaji wanapita. Sasa jino la plastiki sio jino. Jino la mtu lina gamba gumu, drili ikigusa unasikia mlio unabadilika ukishaingia kwenye dentini, kuna ulaini fulani, hata harufu inakwambia. Plastiki haisemi kitu, inakatika kama sabuni, sekunde moja umezama milimita nzima, na ukigusa jino la jirani ukalikwangua hata kidogo kazi yote imeharibika. Mimi nimechonga krauni ngapi kwa wagonjwa sijui, lakini siku ya kwanza kwenye manikini niliharibu magego manne mfululizo, mwalimu akaniangalia tu. Nilichojifunza ni kukaa. Kwetu tunang'oa tumesimama, mgongo umepinda, mgonjwa ndiye anageuka. Kule wanaangalia unavyokaa, kichwa cha manikini usikizungushe kama unafungua nazi, vidole viwe na pa kuegemea, kioo kitumike kweli kwa magego ya juu na sio kuchungulia. Fanya mazoezi ya kuangalia kwenye kioo hata kwa penseli ukiwa nyumbani. Kozi za manikini zipo nyingi kule na ni ghali, lakini kama una hela ya kozi moja tu, iweke hapa.

Kuna OSCE, vituo vingi vifupi, unazunguka, kengele ikilia unahama. Baadhi ya vituo kuna mwigizaji anayejifanya mgonjwa. Hapa nilipata shida ambayo sikuitegemea, shida ya neno pole. Mama amekaa anakwambia anaogopa sindano tangu utoto, sisi tungesema pole mama, na hiyo pole imemaliza kila kitu, imebeba huruma yote. Kiingereza hakina pole. Ukisema samahani kwa lugha yao inakuwa kama umemkosea wewe, na ukinyamaza unaonekana huna utu. Inabidi uifungue pole iwe sentensi mbili tatu: nimekusikia unaogopa, si wewe peke yako, twende polepole na ukiinua mkono nasimama. Jizoeze kusema hivyo kwa sauti mpaka ulimi uzoee. Pia sisi tumezoea kuamrisha, fungua mdomo, geuka huku, tema. Kule kabla hujamgusa mtu unamweleza unataka kufanya nini, kwa nini, njia zingine ni zipi ikiwemo kuacha, na unaomba ruhusa. Usipoomba ruhusa hata ukitibu vizuri alama zimeondoka.

Cha tatu ni kupanga matibabu, unachukua historia kwa mgonjwa, unapewa picha na vipimo, kisha unakaa mbele ya wasahihishaji unatetea mpango wako. Usikimbilie kung'oa. Cha nne ni dharura, mtu kazimia kwenye kiti, kapaliwa, kifua kinambana, sukari imeshuka, unaeleza utafanya nini na dozi kwa kichwa, na unaonyesha kufufua moyo kwenye mwanasesere. Hiki ni cha kukariri na kufanya, hakina ujanja.

Una nafasi nne kwa kila sehemu, na Sehemu ya 2 uwe umeifaulu ndani ya miaka mitano tangu ulipofanya Sehemu ya 1 mara ya kwanza. Ndio maana nasema usiende kujaribu jaribu kuona ikoje.

Hela. Ada zinapanda, kwa hiyo angalia kwenye tovuti yao siku unayolipa, ila ujue Sehemu ya 1 ni mamia ya paundi na Sehemu ya 2 ni zaidi ya paundi 4,000, na hapo hujala wala hujalala. Hesabu hiyo kwa shilingi ukiwa umekaa chini. Wengine wanachangiwa na ukoo, wengine wanaweka kliniki miaka mitatu kwanza, hakuna aibu. Na ukiwa na viza ya kutembelea huruhusiwi kufanya kazi, hata ya kushika taa kliniki, usije ukaharibu safari nzima kwa paundi mia mbili.

Kuhusu mawakala. Tanzania iko kwenye orodha ya 2023 ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 55 zenye upungufu wa watumishi wa afya, na utaratibu wa Uingereza unakataza waajiri na mawakala kuja kuwawinda watumishi kwenye nchi hizo. Wewe mwenyewe kuomba moja kwa moja inaruhusiwa, lakini wakala anayekufuata kwa simu Dar anakuahidi kazi na kukutaka "ada ya usajili" tayari yuko nje ya utaratibu. GDC hawana wakala.

Nchi zingine kwa kifupi. Ghuba ndiko karibu na wengi wana ndugu Muscat. Kule mtihani ni wa kompyuta na mwepesi kwa kulinganisha, kazi ngumu ni uhakiki wa vyeti kupitia DataFlow, wanaandika wao wenyewe chuoni, kwenye baraza na kwa mwajiri wako wa zamani, na mwajiri asipojibu barua pepe faili linalala. Kwa hiyo mpigie mtu wa masijala kabla, mwambie ujumbe unakuja. Emirates kuna mamlaka tatu, Dubai wana DHA, Abu Dhabi DOH, kwingine MOHAP, usilipie leseni ya huku wakati kazi iko kule. Oman ni OMSB, Saudia ni SCFHS.

Marekani ni safari ndefu na ya hela. Unafanya mtihani wa INBDE, maswali 500 kwa siku mbili, halafu kwa njia ya kawaida lazima urudi shule ya meno ya kwao miaka miwili au mitatu, maombi yanapitia mfumo wa mtandaoni unaoitwa CAAPID, ada inavuka dola laki moja kirahisi, kisha leseni ni ya jimbo moja moja. Hata namba za meno ni zingine, gego letu la 46 wao ni 30, na Uingereza utaliona limeandikwa LR6, ukichanganya unang'oa jino zima. Canada kuna bodi yao ya mitihani, NDEB, mitihani miwili ya maswali (AFK na ACJ) kisha wa mikono, NDECC. Australia ni baraza lao la meno, ADC, na mtihani wa mikono uko Melbourne.

Turudi Uingereza, umefaulu. Bado sio daktari kule. Unaomba usajili, na wanataka barua ya mwenendo mzuri kutoka baraza ulilosajiliwa, kwetu Baraza la Madaktari Tanganyika, na barua hiyo iwe mpya, isizidi miezi mitatu. Ndio maana leseni ya nyumbani usiiache ife hata kama huna mpango wa kurudi, lipa kila mwaka na pointi za mafunzo endelevu zikusanye, maana baraza haliwezi kukuandikia una mwenendo mzuri wakati una deni la miaka minne. Iombe mwisho, ukishakuwa na cheti cha afya, mtu wa kukudhamini tabia na bima ya makosa ya kitaaluma.

Ukishapata namba unaweza kufanya kazi kliniki binafsi. Kwa wagonjwa wa NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, kuna orodha nyingine ya watoa huduma unayopaswa kuingia, na mgeni kama wewe unapangiwa kipindi cha kufanya kazi chini ya msimamizi anayepitia kazi zako. Ukiuliza kwenye usaili kama kliniki ina msimamizi au haina, na wao wakaonekana hawajui unazungumzia nini, tafuta kliniki nyingine.